Mvinyo wa mseto haujaghushiwa

"Mama, hiyo imechanganywa. Chukua hii ya Cabernet, hii ni safi." Nimeambiwa hivyo na wauza mvinyo wa Nairobi, kwanza Kilimani, nikaambiwa Ngara, na wiki iliyopita nikaambiwa tena dukani mtaani kwetu.

Mvinyo mwekundu wa mchanganyiko ni ule uliotokana na aina mbili au zaidi za zabibu, kwa mfano Cabernet Sauvignon (ndiyo hiyo Cabernet ya dukani) na Merlot. Mara nyingi kila aina huchachushwa peke yake, kisha mtengenezaji anaonja, anapima na kuunganisha. Basi. Si kwamba umetiwa maji, wala si lazima uwe mtamu. Utamu ni sukari iliyobaki bila kugeuka kileo, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Tatizo liko kwenye neno. Mchuuzi akitia maji kwenye maziwa, tunasema amechanganya. Mpika chang'aa akitia kemikali, tunasema amechanganya. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe yenye methanoli, kwa hiyo naielewa hofu ya mtu anayesikia neno hilo mbele ya rafu ya vileo. Lakini tendo lile la hila lina jina lake tangu zamani: kughushi. Tukiliacha neno hilo likalala, kuchanganya kunabeba mzigo usio wake.

Wafaransa wana maneno mawili hapa. Kule Bordeaux kazi hii huitwa assemblage, yaani kukusanya pamoja. Coupage, linalotokana na kukata, ni la mvinyo wa huku na kule uliounganishwa, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Sisi tumeyatia yote kapu moja.

Ningependa tuseme mseto. Kenya nzima inalijua tangu serikali ya mseto ya 2008, na watu wa Pwani wanalijua kitambo zaidi: mchele na pojo katika chungu kimoja. Limetokana na kuseta, yaani kuponda, na zabibu nazo safari yao huanza kwa kupondwa. Sijasikia mtu aliyepakuliwa mseto akalalamika kwamba wali umeghushiwa.

Na hiyo Cabernet "safi"? Afrika Kusini, zinakotoka chupa nyingi za rafu zetu, sheria inaruhusu jina la zabibu moja kwenye lebo mradi ifike asilimia 85. Zinazobaki zaweza kuwa aina nyingine. Hata zabibu yenyewe ni chotara: mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa DNA kuwa Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe.

Bordeaux hawakuanza mseto kwa kubana pesa. Merlot huwahi kuiva, Cabernet Sauvignon huchelewa, na hali ya hewa ya kule haiaminiki. Mkulima wa Murang'a anayepanda mahindi na maharage shamba moja hahitaji kuelezwa zaidi. Kisha kuna ladha: Cabernet huleta ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, na Merlot huulainisha. Ndiyo maana wakati wa kuchagua natazama ni zabibu gani imetajwa kwanza, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo iliyo nyingi. Ikitangulia Cabernet, naibeba kwa ajili ya mbuzi choma. Ikitangulia Merlot, nainywa hata bila chakula.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kaunta, najua unanitakia mema. Siku nyingine nikiinua chupa ile niambie tu, "Mama, huo ni mseto, Merlot ndiyo nyingi," nami nitajua cha kupika.