Chunguza Hewa ya Chupa Kabla ya Kubadili Homoni

Ukiinua chupa ya miche ya maabara, inayokuzwa kutokana na vipande vidogo vya mmea, ukaitazama kwenye mwanga, mara nyingine utaona majani manene, yanang'aa kama kioo, yamejaa maji. Mgeni atayasifu. Mimi roho hunishuka, kwa sababu jani la namna hiyo ukilikunja kidogo tu kwa kibanio linakatika, na mche wake ukihamishiwa kwenye udongo ni nadra upone.

Wengi wanaoanza kazi hii wakiona hivyo hukimbilia kubadili homoni zinazotiwa kwenye chakula cha mche. Homoni zina nguvu kweli. Mwaka 1957 watafiti Skoog na Miller walionyesha, kwa tishu za tumbaku, kwamba homoni ya oksini ikizidi ile ya saitokinini hutoka mizizi, saitokinini ikizidi hutoka machipukizi, na uwiano ukiwa wa kati hukua donge la seli tu. Tena saitokinini nyingi huchangia hayo majani ya kioo. Hata hivyo nawasihi wanafunzi wangu: anzeni na hewa na maji ya chupani.

Unyevu ndani ya chupa iliyofungwa hukaribia asilimia 100. Jani halipotezi maji, basi halitengenezi nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia hubaki wazi hata pale vinapotakiwa kufunga. Ethilini, gesi inayotolewa na mmea wenyewe, hukosa pa kutokea. Taa nazo zina lake: iliyofungwa chini ya rafu hupasha moto vitako vya chupa za rafu ya juu, mvuke unapanda, matone yanalowesha kuta na majani. Kwa hiyo pima joto palepale chupa zilipo. Kipimajoto cha ukutani kitakuambia nyuzi 25 huku chupani ni zaidi.

Kizibo chenye kichujio husaidia sana, na kuongeza kidogo agari, yaani uteute wa mwani unaogandisha chakula cha mche, pia. Ila kizibo hicho hukausha chakula mapema, na kichujio kikitoboka ukungu umeingia.

Chakula chenyewe wengi tunatumia cha watafiti Murashige na Skoog cha mwaka 1962, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini, kwa kawaida chenye sukari gramu 30 kwa lita, maana mche wa chupani bado hujitengenezea chakula kidogo mno. pH, yaani kipimo cha uchachu, tunaiweka karibu 5.8. Kumbuka kwamba mvuke wa nyuzi 121 wa kuua vijidudu huishusha, na ikishuka mno agari haigandi vizuri.

Mwanga wa saa 16 na giza la saa 8 huifaa mimea mingi. Tishu zinazogeuka kahawia baada ya kukatwa tunazilaza gizani siku kadhaa, au tunatia mkaa maalumu unaofyonza sumu. Mkaa huo hufyonza na homoni, kwa hiyo usiutumie ovyo.

Siku ya kuutoa mche, osha agari yote mizizini, kwani sukari iliyobaki ni karamu ya ukungu. Ufunike kwa plastiki angavu, kisha fungua kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Majani ya chupani mengi yatanyauka. Tazama jani jipya linalochipukia nje: hilo limeumbwa kwenye hewa kavu, na vitundu vyake vinajua kufunga.