Seli ya Kinga Iko Wapi, na Jirani Yake ni Nani?

Mtu akipima CD4, alama iliyo kwenye aina fulani ya seli za kinga, hupewa namba moja: seli ngapi za aina hiyo kwa kila milimita ya ujazo ya damu. Namba hiyo imeokoa maisha ya wengi na bado inahitajika. Lakini kwa seli za kinga damu ni njia tu. Kati ya limfosaiti zote za mwili, yaani kundi la seli za kinga lenye seli T na seli B, takriban asilimia 2 pekee ndizo zinazozunguka kwenye damu kwa wakati mmoja. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, wengu, uboho, utumbo, ngozi na mapafu, na huko ndiko kazi kubwa hufanyika.

Katika kipimo hicho, seli huchanganywa na kingamwili, protini zinazonasa alama maalumu za seli, zilizobandikwa rangi zinazong'aa, kisha hupita mojamoja mbele ya leza, maelfu kwa sekunde. Kingamwili zenye uhakika wa namna hiyo tunazipata kwa sababu ya kazi ya Georges Köhler na César Milstein, waliopata mwaka 1975 njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu. Rangi zikizidi, mwanga wa moja huingiliana na wa nyingine. Ndiyo maana mashine nyingine hutumia metali adimu badala ya rangi: seli huchomwa katika plazma ya agoni, yaani gesi yenye joto kali mno, atomi zikapimwa uzito, na alama zaidi ya 40 zikasomwa kwa seli moja. Tangu mwaka 2009 inawezekana pia kusoma RNA (nakala za jeni) ya seli moja, yaani kujua ni jeni zipi zinafanya kazi ndani yake.

Njia hizi zote, zikitumika kwa tishu badala ya damu, zinadai gharama moja. Kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa lazima kivunjwevunjwe mpaka seli ziachane. Seli dhaifu, kama nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu), nyingi hufa njiani. Zinazosalia zimeshapoteza anwani.

Na anwani ni jambo kubwa. Mwaka 2006, Jérôme Galon na wenzake huko Paris walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana, aina ya seli za kinga, wingi wake na mahali zilipo, katikati ya uvimbe au pembezoni, vilitabiri hatima ya mgonjwa vizuri kuliko upangaji wa hatua za ugonjwa uliokuwa ukitumika. Askari aliyeko kambini si sawa na aliyekwisha kuvuka ukuta wa adui.

Ndiyo sababu tunapiga picha tishu ikiwa nzima. Kinyama hukatwa kipande chembamba, kwa kawaida mikromita 4 au 5, chembamba kuliko hata limfosaiti yenyewe. Hupakwa kingamwili chache, hupigwa picha, rangi huondolewa, kisha hupakwa nyingine, duru baada ya duru. Kila duru viini vya seli hupakwa rangi ileile ili kompyuta ipange picha zote ziangukiane sawasawa.

Hapo ndipo umakini unapotakiwa. Kwenye tezi seli zimebanana mno, na kompyuta ikichora mpaka vibaya, seli T hupewa alama ya seli B iliyoigusa. Jedwali litakuonyesha seli yenye CD3, alama ya seli T, na CD20, alama ya seli B, kwa pamoja, na mtafiti mwenye haraka atadhani amegundua aina mpya. Mimi nasisitiza kila mara: kabla ya kuamini jedwali, rudi ukaitazame picha.

Picha hizi, hata hivyo, ni za tishu iliyokufa. Kuziona seli zikitembea kunahitaji hadubini ya fotoni mbili, inayotumia leza kuona ndani ya tishu hai. Mwaka 2002 ilionyesha seli T ndani ya tezi hai za panya zikienda kama mikromita 10 kwa dakika.

Kwa mgonjwa wa kawaida, vipimo vingi vya aina hii bado ni vya utafiti. Hata hivyo, vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta baada ya uchunguzi huweza kusomwa hata baada ya miaka mingi. Ukiombwa idhini ya kutumia mabaki ya kinyama chako, uliza yatatumika kwa utafiti gani, taarifa zako zitalindwaje, na kama unaweza kujitoa baadaye.