Samaki Anayenuka Petroli: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Mialo ya Ziwa Albert

Mafuta humdhuru samaki vipi?
Huziba mashavu anayopumulia. Madhara makubwa zaidi yako kwenye mayai: kemikali zilizoyeyuka majini, hata zikiwa kidogo, huvuruga moyo unaoanza kuumbika, na kifaranga huzaliwa akiwa dhaifu, amejaa maji mwilini au amepinda uti wa mgongo. Hayo yalionekana kwa samaki wa Alaska baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta mwaka 1989.

Je, uchafu huu unatoka kwenye visima vya mafuta?
Wengi huuliza kuhusu miradi ya mafuta katika wilaya za Buliisa na Kikuube nchini Uganda, na wana haki ya kuuliza. Hata hivyo, petroli ninayoikuta kwenye samaki wa mwaloni hutoka mikononi mwetu: oili chafu inayomwagwa ufukweni, injini inayojazwa mtumbwi ukiwa umepakia samaki, na jerikeni ya petroli iliyokatwa ikageuzwa chombo cha kubebea samaki.

Nikimwosha kwa limau na kumkaanga mpaka harufu iishe, si atakuwa salama?
Hapana. Kinachonuka ni sehemu nyepesi ya mafuta, ambayo moto huirusha upesi. Sehemu nzito, yenye kemikali kama benzopireni inayosababisha saratani, hubaki nyamani bila kunuka. Harufu kuisha si dalili kwamba sumu imeisha.

Na nikimkausha kwa moshi?
Hapana tena. Moshi wenyewe huongeza kemikali za jinsi hiyo hiyo, na anayechochea moto kwa plastiki au vipande vya tairi anawalisha wanawe sumu juu ya sumu. Tafadhalini, jambo hili tumelisema mara nyingi mno.

Basi nimtoe matumbo tu?
Samaki aliye hai huzivunja kemikali hizi kwenye ini na kuzitoa kwa njia ya nyongo, kwa hiyo matumbo yatupwe daima. Lakini samaki wadogo kama muziri na ragoge huliwa wazima, na samaki aliyemwagikiwa petroli baada ya kuvuliwa hana tena ini la kumsafisha. Akinuka petroli, asiliwe, asiuzwe, wala asipewe mbwa.

Mtu amekwisha kula na anatapika. Tusubiri hadi kesho?
Msisubiri. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa mtoto na mama mjamzito, na mchukue mabaki ya samaki yaonekane. Msimtapishe kwa kidole, kwa sababu mafuta yakipanda na kuingia mapafuni huleta homa kali ya mapafu. Akianza kukohoa au kuhema kwa shida, hiyo ni dharura.

Jerikeni ya petroli ikioshwa kwa sabuni inafaa kwa samaki au maji?
Haifai. Plastiki hufyonza petroli na kuendelea kuitoa polepole. Iwekeni alama, ibaki kuwa ya petroli.