Insulini ya mlo: dakika zake ni muhimu kama uniti zake

Insulini ya mlo ni dozi ambayo mwenye kisukari hujidunga kwa ajili ya chakula anachokaribia kula. Kazi yake si kuulinda mwili kutwa nzima. Hudungwa, hupokea sukari inayotokana na mlo ule mmoja, kisha nguvu yake hupungua na kwisha. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huwa na chupa au kalamu mbili nyumbani: moja ya insulini ya muda mrefu, na nyingine hii.

Utaratibu huu unafuata kazi ya kongosho lenye afya. Kongosho hutoa insulini kidogo kidogo usiku na mchana, hata mtu akiwa amelala au amefunga, ili ini lisimwage sukari kupita kiasi. Mtu anapokula, hutoa nyingine nyingi ndani ya dakika chache. Kwa asiye na kisukari, saa mbili baada ya kula sukari huwa chini ya 7.8 mmol/L (kipimo cha sukari katika damu; namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho). Mwenye kisukari cha aina ya kwanza amekosa insulini zote mbili, ile ya kutwa na ile ya chakula. Mwenye aina ya pili mara nyingi huanza kwa kupoteza lile pigo la haraka la wakati wa kula. Huyu anaweza kupima asubuhi kabla ya chai akaona namba nzuri, kumbe kila baada ya chakula sukari inapanda mno.

Insulini za mlo ziko za aina mbili kubwa, na tofauti yao ni mwendo. Ya zamani, inayopatikana kwa wingi katika hospitali zetu, ni insulini ya kawaida, ile angavu kama maji. Ikiwa ndani ya chupa, molekuli zake zimeshikana sita sita kwa msaada wa madini ya zinki. Zikiwa zimeshikana hivyo haziwezi kuingia kwenye mishipa midogo ya damu kwa urahisi. Ni lazima kwanza ziachane huko chini ya ngozi. Hapo ndipo nusu saa inapopotelea. Nguvu yake hufika kileleni kati ya saa mbili na nne, na mabaki yake huendelea kufanya kazi hadi saa tano, sita, hata nane tangu kudungwa.

Chakula hakiisubiri. Wali, ugali wa sembe au mkate mweupe huanza kupandisha sukari mapema, na kilele huja baada ya saa moja hivi au moja na nusu. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta insulini yenye mwendo wa kasi. Mwaka 1996 ikaingia sokoni insulini lispro, ambayo asidi amino zake mbili (viungo vidogo vinavyojenga protini), prolini na lisini, zimebadilishana nafasi. Badiliko hilo dogo linazifanya molekuli ziachane upesi. Huanza kazi ndani ya dakika 15 hivi, hufika kileleni baada ya saa moja au mbili, na kwa kawaida huwa imekwisha kati ya saa tatu na tano. Aspart na glulisine, zilizofuata baadaye, ziko katika kundi hilo hilo.

Kwa hiyo insulini ya kawaida hudungwa dakika 30 kabla ya kula. Ile ya haraka hudungwa dakika 10 hadi 15 kabla, au chakula kikiwa mezani. Linaloniuma ni kwamba wagonjwa wengi huambiwa tu “dunga kabla ya kula”, bila kutajiwa dakika. Chukua mtu anayetumia insulini ya kawaida, akajidunga sahani ikiwa mbele yake. Saa mbili baadaye anapima na kukuta 14. Anashtuka, na mlo unaofuata anaongeza uniti, yaani vipimo vya insulini. Sasa saa nne baada ya kula anatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio: sukari imeshuka. Akizitazama namba zile mbili anasema sukari yake haitabiriki. Inatabirika kabisa. Insulini ilichelewa, ikafika wakati chakula kimeshapita. Kuongeza uniti hakuwezi kutibu kuchelewa.

Hatari ya upande wa pili ni kudunga halafu chakula kisije. Mkaa umegoma kuwaka, wageni wameingia, daladala imekwama njiani. Kabla ya kushika sindano, hakikisha chakula kipo na kinaivishwa, si kwamba “kitakuwepo”. Mtoto mdogo asiyejulikana atakula kiasi gani, au mtu mwenye kichefuchefu, anaweza kuruhusiwa na daktari kudungwa mara tu baada ya kula, ilimradi anatumia ile ya haraka.

Kuhusu kiasi, kinachohesabiwa hasa ni wanga. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi; slesi moja ya mkate, gramu 15. Nyama, samaki na mayai karibu havina. Maharage yanao, lakini hupandisha sukari taratibu. Daktari akikupa kipimo cha uniti 1 kwa kila gramu 15 za wanga, kikombe hicho cha wali kinahitaji uniti 3. Mwingine atapewa uniti 1 kwa gramu 10, mwingine vinginevyo kabisa, kwa hiyo usiazime kipimo cha jirani. Wengi kwetu hupewa dozi isiyobadilika, mathalani uniti 8 kila mlo. Hiyo inafaa kwa sharti moja: sahani nayo isibadilike. Leo ugali wa kushiba, kesho nusu tonge, dozi ile ile, lazima namba ziyumbe.

Pilau, chipsi na vyakula vingine vya mafuta mengi vina tabia yao. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, hivyo sukari hupanda kwa kuchelewa, pengine saa tatu au nne baada ya kula. Insulini ya haraka inaweza kuwa imeshavuka kilele chake wakati pilau ndiyo kwanza inapanda. Katika mlo wa namna hiyo insulini ya kawaida, yenye mwendo wa polepole, wakati mwingine hulingana nao vizuri zaidi.

Wagonjwa wengi Afrika Mashariki hawatumii chupa mbili bali mchanganyiko wa 30/70, wenye rangi ya maziwa. Asilimia 30 ni insulini ya kawaida, asilimia 70 ni ya muda wa kati. Hudungwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa na nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Chakula cha mchana hakina sindano yake. Kinategemea ile asilimia 70 ya asubuhi, ambayo wakati huo iko kazini kwa nguvu. Mgonjwa akiruka chakula cha mchana kwa sababu ya foleni ya benki au kazi ya shamba, insulini haijui. Itaendelea kushusha sukari. Mtumiaji wa mchanganyiko huu anapaswa kula mchana, na kwa wakati, na nadhani jambo hili lingestahili kuandikwa kwenye kadi yake ya kliniki.

Njia ya kujua kama insulini ya mlo inafanya kazi ni kupima mara mbili kwa mlo mmoja: kabla ya kula, na saa mbili tangu tonge la kwanza. Lengo la watu wazima wengi ni kati ya 4 na 7 kabla, na chini ya 10 baada. Vijiti vya kupimia ni ghali, najua. Basi badala ya kuvitawanya ovyo, tumia viwili kwa mlo mmoja: leo chai ya asubuhi, keshokutwa chakula cha mchana, siku nyingine cha jioni. Jozi za namba namna hiyo humwambia daktari mengi kuliko vipimo vingi vya asubuhi pekee.

Ukikuta 13 saa mbili baada ya kula, usikimbilie sindano nyingine. Dozi ya kwanza bado iko mwilini, na ya pili ikipandana nayo, zote mbili zitakushusha kwa pamoja, pengine usiku wa manane. Sukari ikiwa chini ya 4, tumia vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwezi wa Ramadhani mpango wote huu hugeuka. Futari ya pwani, yaani tende, uji, viazi, mihogo ya nazi na tambi, ni wanga juu ya wanga, na huja kwa mkupuo baada ya kutwa nzima bila kula. Dozi nzito kwa kawaida huhamia magharibi, na ya daku hupunguzwa kwa kuwa mbele yake kuna saa nyingi za njaa. Mpango huo hupangwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na wengi wenye aina ya kwanza hushauriwa wasifunge. Kupima damu hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.7, ni kufungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.