Tabaka la kuzuia uakisi kwenye vitambuzi vya infraredi ni nini?

Ni utando mwembamba sana unaopakwa juu ya lenzi, au juu ya kitambuzi chenyewe, ili mionzi iingie ndani badala ya kurudishwa ilikotoka. Kwenye miwani ya kawaida utando huu ni starehe tu. Kwenye infraredi, yaani mionzi ya joto tusiyoiona kwa macho, bila huo kifaa ni nusu kipofu.

Chanzo cha shida ni elementi ya germanium. Sisi wa Lubumbashi tunaishi nayo jirani: imo ndani ya terril, ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, na mwaka 2024 STL, kampuni inayochakata terril hiyo, ilianza kuiuza kwa kampuni ya Umicore ya Ubelgiji. Ukiitazama ni kitu cha kijivu kinachong'aa, huoni upande wa pili. Lakini mionzi yenye urefu wa wimbi wa mikroni 8 hadi 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inaipenya, na joto la mwili wa mtu hutoka kwa wingi karibu na mikroni 10. Ndiyo maana lenzi nyingi za kamera za joto ni germanium.

Ila inapinda mwanga kupita kiasi. Kipimo cha mpindo cha hewa ni 1, cha kioo cha dirisha kama 1.5, cha germanium 4. Pengo hilo na hewa likikua, uso unarudisha mwanga zaidi: kioo 4%, germanium 36%. Na lenzi ina nyuso mbili! Isiyopakwa kitu hupitisha chini ya nusu. Vitambuzi vya antimonidi ya indiamu navyo vina kipimo karibu na 4, kwa hiyo hata kilichopita kwenye lenzi kinapunguzwa tena.

Dawa ni utando wenye kipimo karibu na 2 na unene wa robo ya urefu wa wimbi, ukipimwa ndani ya utando, ambako wimbi hufupika. Mwanga unaorudi kutoka chini ya utando umesafiri nusu ya wimbi zaidi kuliko ule unaorudi kutoka juu. Kilele cha mmoja kinakuta bonde la mwingine, vinafutana, na karibu nishati yote inaendelea ndani. Sulfidi ya zinki, yenye kipimo 2.2, inafaa: kwa mikroni 10 unatosha unene wa mikroni 1.1 hivi. (Zinki nayo imo kwenye terril ileile.)

Tabaka moja huhudumia vizuri urefu mmoja tu wa wimbi, hivyo viwanda hupanga kadhaa. Sulfidi ya zinki pia ni laini. Uso wa nje wa kamera ya mgodini hupakwa kaboni ngumu inayokaribia almasi. Hata hivyo, vumbi la Katanga lipulizwe kwanza, usilisugue na shati.