Msongo wa Mawazo, Uzito wa Msimu na Hatari ya Kuruka Milo: Maswali na Majibu

Msongo wa mawazo unahusianaje na kuongezeka uzito?

Msongo wa mawazo ni namna mwili unavyoitikia mambo yanayomzidi mtu uwezo. Unapodumu, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huamsha hamu ya kula, hasa vyakula vitamu na vyenye mafuta mengi, na huchangia mafuta kurundikana tumboni. Usingizi mfupi nao huongeza njaa. Kwa hiyo anayekula akiwa na mawazo asilaumiwe kwamba ni mlafi.

Uzito wa msimu ni upi?

Ni uzito unaoongezeka katika kipindi fulani cha mwaka, kwa kawaida wakati wa sikukuu au baridi. Mara nyingi ni mdogo, lakini usipopungua kabla ya msimu mwingine hulimbikizana mwaka hadi mwaka.

Je, nishinde njaa siku chache ili uzito ushuke?

Hapana. Kila msimu wa sikukuu unapokwisha, sisi wahudumu wa afya tunapokea watu ambao hawajala tangu jana, kichwa kinawauma, mikono inatetemeka, na bado wanaamini kuwa wanajitibu. Uzito unaopungua katika siku hizo za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa, nao hurudi mara tu mtu anapoanza kula. Isitoshe, aliyeshinda njaa mchana kutwa hufika jioni akiwa hawezi kujizuia, akala kwa haraka kupita kiasi, kisha akajuta na kuamua kushinda njaa tena kesho yake. Huko ni kujiongezea msongo uleule uliomfanya ale ovyo.

Nina kisukari. Je, nikiruka mlo mmoja tu?

Hapana, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Ikiwa unatumia insulini, au vidonge vinavyochochea kongosho kutoa insulini, kuruka mlo mmoja kunaweza kushusha sukari hadi ukatetemeka, ukatokwa na jasho, ukachanganyikiwa na hatimaye ukazirai. Dalili hizo zikianza ukiwa na fahamu, meza mara moja takriban gramu 15 za sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Apelekwe hospitali bila kungoja "aamke mwenyewe". Usiruke mlo, na usijipunguzie dawa bila kuzungumza na anayekutibu.

Vipi kuhusu dawa za kuharisha (zinazomfanya mtu aharishe) au chai za kupunguza uzito?

Hapana vilevile. Dawa hizi hufanya kazi zaidi kwenye utumbo mpana, wakati ambapo chakula kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kinachopotea ni maji na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Chai nyingi za aina hiyo zina dawa hizohizo za kuharisha.

Basi nile nini?

Kula kwa saa zinazoeleweka. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo nafaka zisizokobolewa, na robo iliyobaki iwe jamii ya kunde, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote, yaani takriban gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Anayekunywa soda kila anapochoka hufikia kiwango hicho kabla hajala chochote. Kahawa iishie mchana, kwa sababu huvuruga usingizi, na pombe haiondoi mawazo. Tembea pia, angalau dakika 150 kwa wiki. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha.

Ni wakati gani nimwone mtaalamu wa afya?

Mapema kuliko unavyofikiri. Njoo ikiwa huzuni, wasiwasi au kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, ikiwa unakula kisha unajitapisha, au ikiwa una kiu isiyokwisha na unakojoa mara kwa mara, maana hizo zinaweza kuwa dalili za kisukari. Usisubiri uzito "ushuke kwanza" ndipo uje. Wengi waliosubiri hivyo walifika wakiwa wamedhoofu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na mtu unayemwamini.