Je, wajua kwa nini gari la zamani hutulia likiwa limesimama lakini hukata mlimani?

Gari limewaka mara moja, sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga pedeli) imetulia, fundi amefungua boneti, akasikiliza na kusema injini haina shida. Kwenye tambarare linakwenda. Likikuta mwinuko linaanza kushtuka, nguvu zinaisha, na pedeli ikikanyagwa zaidi ndiyo kwanza linazidi kufa. Likirudishwa kwa fundi, injini inawashwa tena na inanguruma vizuri kama mwanzo. Kinachofuata mara nyingi ni kubadilisha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kisha plagi, kisha pampu, mpaka kimoja kibahatike au pesa ziishe.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba injini inapimwa pale ambapo haifanyi kazi. Injini ya gari dogo ikiwa sailensa hutumia takriban lita moja ya petroli kwa saa nzima, pengine chini ya hapo. Injini hiyohiyo ikikanyagwa mpaka mwisho, ikitoa nguvu ya kilowati 50 hivi, inaweza kutaka lita 20 kwa saa. Pampu iliyochoka, filta iliyoziba nusu au paipu iliyobonyea chini ya gari hupitisha lita moja kwa saa bila taabu yoyote. Ndiyo maana kwenye sailensa huoni kitu.

Na mlima hautaki wingi peke yake. Ili petroli iungue yote, kila kilo moja inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Lakini pedeli ikiwa chini kabisa, injini huundwa ipate mchanganyiko mzito zaidi, karibu kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo ya mafuta, maana hapo ndipo nguvu kubwa hupatikana. Kwa hiyo upungufu ambao kwenye mwendo wa kawaida usingeuhisi, mlimani unaumbuka.

Kuna mawili ya kuondoa njiani kabla ya kugusa injini. Sauti ya injini ikipaa huku gari halisogei, klachi inateleza, na hakuna kabureta itakayoiponya. Gari likijivuta hata kwenye tambarare, huenda breki zinashika. Sogeza kiganja karibu na kila rimu baada ya mwendo mfupi, bila kuigusa, uone kama kuna moja inayochemka kuliko wenzake.

Sasa hesabu sekunde. Kwenye gari la kabureta, muda unaopita kati ya kukanyaga na kukata unasema mengi kuliko vifaa vingi vya gereji. Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo lenye boya na sindano: mafuta yakipungua boya linashuka, sindano inafunguka, pampu inajaza. Tuseme bakuli hilo linashika mililita 50. Injini inayotaka lita 20 kwa saa humaliza kama mililita 5 na nusu kila sekunde. Pampu ikiwa inaleta nusu tu ya kinachotakiwa, bakuli litakauka baada ya sekunde 18 hivi. Ndivyo dereva anavyolisikia: gari linaanza mlima na nguvu zake zote, halafu linafifia taratibu. Ukiinua mguu kidogo bakuli linajaa, linapata nafuu. Ukikanyaga tena linakwenda sekunde kadhaa, linafifia. Mdundo huo wa kupata na kukosa ni wa mafuta.

Cheche haina bakuli la akiba. Plagi, waya au koili (kifaa kinachopandisha volti ya cheche) mbovu hukata palepale pedeli inaposhuka, kwa mishtuko mikali, wakati mwingine na mlipuko kwenye ekzosi. Mguu ukiinuliwa, injini inatulia papo hapo. Na kama gari linasita kwa sekunde moja tu unapokanyaga, kisha linakwenda vizuri mpaka juu, tatizo ni dogo zaidi: kile kipampu cha ndani ya kabureta kinachorusha mafuta kidogo wakati wa kukanyaga kimechakaa au tundu lake limeziba.

Gari lenye choki ya kuvuta kwa mkono lina kipimo cha bure. Linapoanza kufifia mlimani, vuta choki kidogo. Choki hubana hewa na kuongeza mvuto wa mafuta. Nguvu zikirudi hata kwa muda mfupi, mchanganyiko ulikuwa mwepesi, yaani mafuta hayatoshi. Zikizidi kupotea na moshi mweusi ukatoka, mafuta yapo tele na ni bora ukatafute kwingine.

Ikithibitika ni mafuta, anzia nyuma ya gari, si mbele. Kila lita inayotoka kwenye tangi lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na magari mengi ya zamani huvuta hewa hiyo kupitia kitundu au kivalvu kwenye kifuniko cha tangi. Kikizibwa na vumbi, pampu inajikuta ikivutana na tangi lenyewe. Gari linakwenda kilomita kadhaa vizuri, linakata, linapumzika, linawaka. Siku likikata, fungua kifuniko na utege sikio. Likifyonza hewa kwa mlio mrefu na baada ya hapo likapanda mlima kama kawaida, umelipata. Mlio mfupi usikutishe, kwani magari yenye mfumo wa kunasa mvuke wa mafuta hufanya hivyo yakiwa mazima.

Kutu ndani ya tangi huleta tabia inayofanana na hiyo, na huwachanganya wengi. Injini ikivuta kwa nguvu, uchafu unakokotwa mpaka kwenye kichujio cha mdomo wa paipu na kujibandika. Injini ikizima, mvuto unakwisha, uchafu unadondoka chini, na gari linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kubadilisha filta ya mbele hakutasaidia kitu hapo. Ikate hiyo filta ya zamani na umwage kilichomo kwenye kitambaa cheupe: unga wa rangi ya kahawia ni kutu ya tangi, vipande vyeusi ni mipira ya mafuta inayomeguka kwa ndani, jambo la kawaida mipira ya zamani ikikutana na petroli iliyochanganywa na ethanoli.

Kisha pima pampu kwa wingi wa mafuta, usitosheke na kuona kwamba "yanafika". Kwenye gari la kabureta, paipu inayoingia kwenye kabureta huchomolewa na kuelekezwa kwenye chupa, waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ukiwa umetolewa ili kusiwe na cheche, kisha msaidizi anapiga stata kwa vipindi vifupi. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, nje penye hewa, na kizima moto kiwe mkononi. Mvuke wa petroli hauna mzaha. Lita 20 kwa saa ni sawa na theluthi moja ya lita kwa dakika, basi pampu isiyofikisha karibu nusu lita kwa dakika moja haina akiba ya kupanda nayo. Na mafuta yakitoka na mapovu, kuna mpira unaovuta hewa kabla ya pampu. Mpira huo hauvuji nje, kwa kuwa kinachopita ufani ni hewa inayoingia, ndiyo maana hutaona tone chini ya gari.

Magari ya nozeli, yanayopuliza mafuta kwa presha badala ya kutumia kabureta, yana hila yake. Geji ya presha ikifungwa gari likiwa limesimama inaweza kuonyesha namba nzuri kabisa hata filta ikiwa imeziba, kwa sababu mafuta yanayopita ni machache. Inapasa isomwe injini ikiwa na mzigo. Kwenye mifumo mingi ya zamani yenye paipu ya kurudisha mafuta tangini, presha ni kama bar 2.5 kwenye sailensa na hupanda kuelekea bar 3 unapokanyaga, maana rigyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha hiyo, hufuata mvuto wa hewa wa injini. Ikishuka unapokanyaga, pampu au filta imeshindwa. Chomoa pia kile kimpira cha mvuto wa hewa kinachotoka kwenye rigyuleta. Kikiwa na petroli ndani, ngozi ya rigyuleta imepasuka na injini inanyweshwa mafuta kwa mlango wa nyuma.

Turudi kwenye cheche, kwa sababu kusema kweli kabureta husingiziwa sana. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika ili umeme uruke kati ya vyuma viwili hutegemea shinikizo la gesi likizidishwa na upana wa nafasi. Kwenye sailensa silinda huingiza hewa kidogo, shinikizo ni dogo, cheche inaruka kirahisi. Mlimani silinda imejaa, shinikizo limepanda, na volti inayotakiwa inaweza kufika mara mbili ya ile ya mwanzo. Plagi iliyolika hadi nafasi yake ikapanuka inaongeza deni hilo. Umeme ukiona njia hiyo ni ngumu unatafuta nyepesi: ufa kwenye kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), mpira wa waya uliokauka, uchafu kwenye shingo ya plagi.

Kuuona ni rahisi. Subiri giza, fungua boneti, washa injini, na mtu wa pili aikanyage ghafla. Waya mbovu huonyesha vimulimuli vya samawati vikitambaa kuelekea chuma kilicho karibu. Ukinyunyiza ukungu mwembamba wa maji juu ya waya na injini ikaanza kumisi, yaani kuruka baadhi ya miwako, ni uleule ugonjwa. Mikono na nguo ziwe mbali na feni, na usishike waya hizo kuthibitisha.

Lipo jambo ambalo wengi hawalipimi kabisa. Distributa ya zamani ina vijiuzito na springi zinazowahisha cheche kadiri mizunguko inavyopanda, kutoka nyuzi 10 hivi kabla ya pistoni kufika juu hadi nyuzi 30 au zaidi. Vikishika kutu, taimingi (wakati wa cheche kuruka) ya sailensa husomeka sahihi na haisogei. Injini inanguruma vizuri, inachemka upesi, na haina nguvu. Mulika kwa taa ya taimingi huku mizunguko ikipandishwa. Alama ikiganda palepale, huna haja ya kununua chochote kabla ya kufungua distributa na kuipaka oili.

Gari likikata tu baada ya kupata moto, washukiwa ni wawili: koili inayokatika ndani ikipanuka kwa joto, na petroli inayochemka kwenye paipu iliyopita karibu na ekzosi, kwani sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi. Lilipokata, chunguza cheche palepale kabla halijapoa. Ikiwepo cheche nzuri, koili haina hatia.

Upande wa kutolea moshi nao hunyonga. Masega ya kisafisha moshi (katalitiki) yakiyeyuka na kuziba, moshi hauna pa kwenda na hewa mpya haiingii. Funga geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini: kwenye sailensa injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki sehemu zilizo usawa wa bahari. Pandisha hadi mizunguko 2,500 na uishikilie hapo. Mshale ukishuka polepole badala ya kutulia, ekzosi imeziba. Lakini usifunge masega mapya haraka. Mara nyingi yaliungua kwa sababu silinda moja ilikuwa ikimisi muda mrefu na mafuta yake yakaenda kuwaka humo, na mapya yatafuata njia hiyohiyo.

Kuvuja kwa hewa kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, ambako husingiziwa karibu sawa na kabureta, hapa kunaweza kuachwa mwisho. Hewa ya wizi huisumbua injini zaidi kwenye sailensa, ambapo hewa halali ni chache. Pedeli ikiwa chini haionekani kirahisi. Gari lenye sailensa tulivu na mlima mbovu kwa kawaida halina ugonjwa huo.

Yote hayo yakiwa safi, ng'oa plagi. Zisome mara tu baada ya mlima, ukizima injini juu bila kuiacha ingurume, kwa sababu dakika chache za sailensa hufuta ushahidi. Kahawia hafifu ni nzuri, nyeupe ni njaa ya mafuta, nyeusi kavu ni mafuta kupita kiasi, nyeusi yenye utelezi ni oili. Moja ikitofautiana na nyingine zote, shida ni ya silinda hiyo peke yake, na ni wakati wa geji ya kompresheni, inayopima mbano ndani ya silinda. Namba zinazopishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 zinatia shaka. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda dhaifu, upime tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha, ikibaki ilipokuwa, valvu haifungi vizuri, au gasketi ya silinda hedi imeachia.